Mama Marwa, Aliyetambaa Nyumba Zote za Kinanira

Tarehe 30 Aprili 2005 Bi Kudra, ambaye sote tunamwita Mama Marwa, anaacha kazi katika duka la Bwana Suud hapa Bwiza, Bujumbura, baada ya miaka ishirini na miwili. Nimeombwa mi kuandika habari zake, na ni haki. Hakuna mwengine anayemjua kazini kama mi, na alarimu yoyote inayofanya kazi vizuri katika mji huu, kama sikuifunga mi mwenyewe basi ilifungwa na mutu niliyemfundisha. Shule niliiacha mapema, lakini mkono wangu haujawahi kutetemeka, si kwenye ukuta, si kwenye karatasi.

Alianza na chai. Wakati ule duka lilikuwa la redio na feni, naye alipika chai ya tangawizi na kufuta vumbi kwenye rafu. Vita vilipoingia watu hawakuulizia feni tena. Wenye nyumba za juu na za kando ya ziwa walitaka alarimu, kengele za kukamata wezi. Kwanza zilikuja zile za waya, halafu zikaja zisizo na waya. Ni kasanduku keupe, kanafungwa juu kwenye kona, kanaona joto la mutu akipita halafu kanatuma habari hewani mpaka kwenye sireni. Sisi tunakaita detekteri. Ukishakafunga, mutu mmoja lazima atembee mbele yake, mwengine aangalie kama kataa kake, ile taa ndogo nyekundu, kanawaka. Juu ya ngazi nilikuwa mi. Wa kutembea alikuwa Kudra.

Na alijua kutembea. Mi nimeona vijana wanapita mbele ya detekteri kama wanakimbilia basi, wanasema tayari, imeona. Yeye alipita polepole, mikono imelegea, kama mutu aliyeamka katikati ya ndoto na anatafuta maji bila kujua nyumba ni ya nani. Anasimama. Anageuka. Kale kataa kanawaka, kanazimika. Katika nyumba tupu za mchana, mapazia yakipumua kwa upepo wa ziwa, nilikuwa namwangalia nasahau kwamba nimeshika turnevisi, bisibisi yangu.

Mtaa wa Kibenga kulikuwa na saloni moja, sebule ya wageni, ambamo sireni ililia kila jioni bila mwizi. Tulibadilisha mawe, yale yanayotiwa ndani kama ya redio, ikaendelea kulia. Kudra akaomba kiti, akakaa ndani ya saloni ile mchana mzima, hafanyi kitu. Jua liliposhuka kuelekea milima ya Kongo lilipita juu ya maji, likaingia dirishani, likapanda ukutani taratibu mpaka likamulika detekteri usoni. Akanyoosha kidole, akasema mwizi ni huyo hapo. Tuligeuza detekteri ikaangalia upande mwengine, na kusema kweli ni mi niliyechagua upande.

Lakini kazi ambayo watu wataikumbuka ni ile ya Kinanira, nyumbani kwa Moza.

Moza alikuwa mjane, anaishi kule mlimani na mama yake, Bibi Nura, mzee ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa. Ndugu walitaka wahame. Bibi Nura alisema hatoki, na Moza hakuweza kumwacha. Basi mwaka 2003 tulimfungia alarimu. Niliweka detekteri kwenye kuluwari, ile njia ya ndani inayogawa vyumba, kwa sababu mwizi akitaka chochote lazima apite pale. Kudra akatembea, kataa kakawaka kila mara, tukanywa soda, tukashuka mjini.

Haikupita muda vita viliteremka kutoka milimani mpaka mitaa ya kusini. Siku ya pili yake Moza aliingia dukani na detekteri mkononi, ameing'oa na rangi ya ukuta, akaiweka mezani mbele ya Bwana Suud.

"Toeni hii kitu," akasema. "Mwizi sijamwona bado. Hii ndiyo karibu iniue."

Kila mutu wa Bujumbura anajua risasi zikianza unafanya nini. Unaacha kitanda, unavuta godoro mpaka kuluwari, mbali na madirisha, mnalala chini wote mpaka kunyamaze. Moza alimvuta mama yake hivyo hivyo, na detekteri ikawaona. Sireni ikalia juu ya mlima mzima, kuwaambia wenye bunduki kwamba nyumba hii ina watu na ina mali. Ilibidi Moza asimame, aende kwenye mlango wa mbele kuizima, na risasi ikapasua kioo kando ya kichwa chake.

Nilimwambia, na leo narudia, kuluwari ndiyo mahali pa detekteri, na detekteri ilifanya kazi yake. Kudra hakubishana. Alifuta vumbi kwenye kale kasanduku na kitambaa cha meza.

"Muzee Radjabu," akaniambia, "mwizi tulimpima. Wenye nyumba hatujawapima."

Akamwomba Moza atupe mchana mmoja. Asiporidhika, tutatoa kila kitu na hatutarudi. Moza alikubali, lakini si kwa furaha. Alisema bila alarimu ataogopa kila mlango, na ikiwepo ataogopa kusogeza mama yake. Woga huo ndio aliotaka tumwondolee.

Kule juu Kudra alivua viatu akalala kwenye godoro lenyewe, akamwambia Moza amvute kama anavyomvuta mama. Mi juu ya ngazi nilifungua detekteri, nikabandika sikochi nyeusi, ile tepu ya gundi, kwa ndani, upande wa chini, ili isione sakafu. Moza akavuta. Kataa kakawaka. Nikaongeza sikochi.

Hizi za bila waya zina tabia moja. Zikishaona mutu zinasinzia kidogo zisimalize mawe, na haziamki mpaka pasiwe na kitu kinachosogea mbele yao. Ukisogea, unaanza upya. Kwa hiyo kila baada ya kuvuta ilibidi wote watulie, Kudra kwenye godoro, Moza chini kando yake, mi kwenye ngazi kama picha ukutani. Bibi Nura alitaka awe pale naye, tukamlaza mwisho wa kuluwari kwenye mto. Mwanga wa mchana uliingia chini ya milango, ukalala sakafuni kama maji. Mbali ziwa lilikuwa jeupe na milima ya ng'ambo haina miguu. Hakuna aliyesogea, na mi nilisikia nyumba nzima inavuta pumzi.

Katika ukimya mmoja Bibi Nura alisema, macho yamefumba, kwamba alishalala hapo hapo akiwa bibi harusi, sakafu bado saruji mbichi, mume wake anamwonyesha vyumba ambavyo havijajengwa. Huku chumba cha watoto, huku cha wageni. Na yeye aliviona vyote. Hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama, tungeanza kungoja upya.

Tukavuta tena na tena. Mwishowe Kudra alipita kwa godoro, akapita kwa tumbo, akapita kwa magoti amebeba mto, na kataa hakakuwaka. Ndipo mi nikashuka nikawa mwizi, nikapita wima kutoka saloni. Kakawaka hapo hapo.

"Mwizi mwenye tumbo hilo hata mi namwona," akasema Bibi Nura, "na mi sioni vizuri."

Nikauliza, na ni swali la fundi, kama mwizi atatambaa je? Kudra akasema kwanza atafungua mlango, na kwenye milango mi mwenyewe nilishaweka zile za sumaku, zinazoliza sireni mlango ukifunguliwa. Ilikuwa kweli, nilishaweka.

Milio ya risasi ilirudi, alfajiri moja. Moza alitusimulia. Alimvuta mama yake chini ya detekteri, anaitazama juu, roho mkononi.

"Kamelala?" Bibi Nura akauliza.

"Kamelala, mama."

Na Bibi Nura naye akalala.

Baada ya hapo Kinanira yote ilitaka kutambaliwa. Hawakusema wanataka alarimu, walisema wanataka yule mama wa godoro. Alitambaa kuluwari za matajiri na za walimu, mpaka magoti yake yakasema apana, na ndiyo sababu anatuacha leo.

Bibi Nura alifariki mwezi wa pili mwaka huu, Mungu amrehemu. Alifariki mchana, kwa uzee, kitandani kwake, dirisha wazi na upepo unaingia. Moza mwenyewe alikuja kumwambia Kudra, na walikaa nyuma ya duka muda mrefu, bila chai.

Mama Marwa, duka lote linakushukuru, na mi, ambaye sishukuru watu ovyo, nakushukuru. Mungu akupe miaka mingi, magoti mapya, na usingizi wa kitandani.

Radjabu, fundi mkuu