Ushahidi wa Kituo cha Fire

Basi la mwendokasi lilikuwa halijatoka kituo cha Gerezani, na tayari Mama Leodegar, aliyejitambulisha bila kuulizwa, alikuwa anasoma simu ya binti aliyekaa kando yake. "Binti, hiyo kesi ya nani? Naona 'ushahidi' tu hapo."

"Shikamoo mama. Kesi ni yangu," Brightness akajibu. Moyo ulikuwa umeshaanza kumwenda mbio, kama kila mara mlango wa basi unapofungwa. Miezi minne sasa alikuwa anatoka dukani Kariakoo mpaka kwao Magomeni kwa miguu. "Natibiwa wasiwasi kwa mtandao. Naandika ninachokiogopa, kwamba basi likipita kituo cha Fire nitazimia. Halafu natafuta ushahidi kama ni kweli."

"Umewahi kuzimia?"

"Nilikuwa nashuka kabla."

"Si ndiyo dawa hiyo, kushuka! Daktari gani wa kwenye simu, hakushiki hata mkono? Mimi nilipozidiwa na mawazo nilisali tu."

"Hata mimi nasali, mama. Leo nasali nikiwa nimekaa."

Mama Leodegar hakuiamini tiba hiyo hata kidogo, ila aliiuliza maswali mpaka barabara ya Msimbazi yote ikaisha.

Fire, milango ikafunguka. Viganja vya Brightness vililowa jasho, masikio yakavuma.

"Shuka mwanangu, utatufia humu!"

Brightness akashika bomba la mbele yake kwa mikono miwili. "Sishuki."

Abiria wakateremka. Mama Leodegar akautazama mlango, akamtazama Brightness, akaupakata upya mkoba wake.

"Na mimi nilikuwa nashuka hapa," akasema kwa hasira, bila kunyanyuka.