Kasiani Kobelo na Baiskeli ya Saba

Baba Paroko, wazee wetu wa ukoo, wana Matombo, na ninyi mliopanda mlima tangu asubuhi kutoka mjini, mimi ni Filomena, binti wa kwanza wa marehemu, na mengi ya haya ninayoyasoma aliyasema mwenyewe kitandani mwezi Juni, akataka yaandikwe bila kufichwa kitu, ingawa jana kikao cha familia kilibishana sana kama yanafaa kusomwa mbele ya jeneza.

Marehemu Kasiani Andrea Kobelo alizaliwa tarehe 2 Februari 1938 hapa Matombo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Andrea Kobelo na Bibi Magreth, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1947 mpaka 1954 alipomaliza darasa la nane, walimu wakimsifu kwa hesabu na mwandiko, lakini hakuendelea, kwa sababu mwaka ule ndizi za babu zilioza njiani kabla ya kufika sokoni, barabara ikiwa kama mlivyoipita leo.

Mwaka 1955 aliajiriwa katika duka la baiskeli la Mhindi mmoja mjini Morogoro, kwanza kufagia, kisha kuziba pancha, kisha ufundi wenyewe, na huko ndiko alikojifunza kazi iliyompa jina, yaani kuutazama usukani wa baiskeli na kusema umetoka wapi na umetengenezwa mwaka gani. Aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaugeuza juani mpaka maandishi yaliyochongwa katikati yaonekane, akapima unene wake pale unaposhikwa na ile shingo inayouunganisha na baiskeli, kisha akaitazama shingo yenyewe, kama bolti yake imejitokeza juu na kufunguliwa kwa spana, basi ni ya zamani, na kama imezama ndani na inataka alenki, ule ufunguo wa pembe sita, basi ni ya juzijuzi. Watu walikuja hata kutoka Dakawa kumletea vyuma vyao avitazame, naye hakupenda kuulizwa mara mbili.

Tarehe 15 Septemba 1962 alifunga ndoa na mama yetu, Ester, katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto sita, mmoja akatangulia mbele ya haki, na mwaka 1976 akajiunga na kiwanda cha nguo cha umma, ambacho wengi wenu mlikifanyia kazi. Mwaka 1979 kiwanda kilipewa zawadi ya baiskeli saba za mbio kutoka ng'ambo, zikiwa ndani ya masanduku ya mbao, sukani zake zimekunjwa kama pembe za kondoo, shingo zake na bolti ya kuzama, alama ya nyota na namba 77 chini yake, kitu ambacho mji wa Morogoro haukuwahi kukiona. Baba akawa fundi wa timu ya mbio ya kiwanda, na mpanda baiskeli wake bora alikuwa Halidi Maneno wa idara ya ufumaji, kijana wa Kiluguru aliyemwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwita Fundi, na kula mihogo kwetu kila Jumapili.

Kisha likaja soko huria, makontena ya mitumba yakaanza kuingia, na mwaka 1990 Halidi akajiundia baiskeli yake mwenyewe kwa vipande vya kuokoteza. Machi 1992 wakaja wakaguzi kuhesabu mali ili kiwanda kiuzwe, baiskeli za mbio zikaonekana sita, na macho yote yakaenda kwa Halidi, kwa kuwa shingo ya baiskeli yake ilikuwa na nyota na namba 77. Ijumaa tarehe 19 Juni 1992, ndani ya bwalo, mbele ya wafanyakazi wapatao mia tatu, baba aliitwa kuitambua, akaifuta, akaigeuza, akasema ni ya mwaka 77, na kwamba shingo ya namna ile iliingia Morogoro mara moja tu, ndani ya masanduku ya kiwanda. Halidi alisema aliinunua mnadani, kwenye lundo la mitumba, nanyi mkacheka, na baba alikiri kwamba yeye pia alicheka. Halidi alifukuzwa bila kiinua mgongo, akafungwa miezi tisa, na mkewe Hidaya akarudi kwao na watoto.

Desemba 1995 baba alipita mnadani kutafuta breki, akakuta lundo la shingo kumi na moja zilizotoka ng'ambo ndani ya kontena, zote na bolti ya kuzama, akazigeuza moja moja, na tatu kati yake zilikuwa na nyota na namba 77. Mwaka aliusoma sawasawa, kosa lake ni kudhani bado tunaishi katika mji ambao kila kitu kinaingia kwa mlango mmoja na fundi anaujua mlango huo. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akamwambia mwuzaji kwamba amechoka tu.

Januari 1996 alimfuata Halidi huko Mikese, anakotengeneza baiskeli kando ya barabara kuu, akamwomba msamaha, na Halidi, bila kuinua uso kwenye gurudumu, akamjibu, "Fundi, ulinisema mbele ya watu, nenda kaniseme mbele ya watu walewale." Baba aliona ni haki, lakini watu wenyewe hawakuwapo tena. Kiwanda kilikwishauzwa, mmiliki mpya akamwambia amenunua mashine na si kesi za zamani, barua mbili alizopeleka Dar es Salaam hazikujibiwa, na mwaka 1997 alipowaita wenzake nyumbani walikuja watano, na watatu kati yao walitaka kujua tu kama kuna habari za mafao. Mwaka huohuo alikuja mzungu akitafuta sukani kuukuu za mbio, akamwomba baba amtajie mwaka wa kila moja, baba akamfungia mlango, na tangu hapo hakumtajia mtu yeyote mwaka wa chuma chochote.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 1996, mguu wa kushoto ukakatwa Februari mwaka huu, na Jumapili tarehe 8 Agosti 1999, saa kumi jioni, akafariki akiwa na umri wa miaka 61, akiacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka mwisho, inawashukuru majirani zake wa Kilakala mjini waliopika na kuchota maji siku hizi zote bila kuombwa, na inawashukuru ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao leo mmejaza uwanja huu, jambo lililomshinda baba kulipata alipokuwa hai, nanyi mkiwa na nauli ileile. Basi sikilizeni alichowaitia. Halidi Maneno hakuiba baiskeli ya kiwanda, shingo ile aliinunua mnadani kama alivyosema, na Kasiani Kobelo alimshuhudia uongo bila kujua, kisha akajua. Baiskeli ya saba ilikokwenda hatujui, ingawa waliokuwa na funguo za stoo tunao hapa, na wao hatuwaombi kitu.

Mzee Halidi tulimpelekea taarifa ya msiba juzi, hajaja, na sisi wanawe hatumlaumu. Nyote mtarudi mjini kwa njia zenu, na wengine mtapita Mikese, naomba mmoja wenu, mmoja tu, ashuke pale kando ya barabara amwambie kwamba yamesemwa, na yamesemwa mbele ya watu walewale. Baba, tumefanya ulichotuagiza, pumzika kwa amani.