Bureti ya Niragira

Mwaka ule Ngara ilipokuwa na wageni kuliko wenyeji, kijiwe cha kahawa cha Hatibu kilikuwa chuo kikuu kisichotoa cheti. Mkuu wake, Shibuda, aliitwa Maabara kwa kuwa aliwahi kulinda geti la shule yenye maabara. Naibu wake, Anastazi Katekista, alibisha kila kitu isipokuwa misa. Niragira, binti wa sekondari, alikimbia vita kutoka Muyinga, Burundi, akiwa amebakiza mtihani wa kemia tu. Kambini vikombe vyote vilikuwa vya plastiki ya bluu. Yeye alitaka cheupe, aone rangi ikigeuka. Kila siku ya soko alikuja kuazima kimoja kwa Hatibu. Katekista alimsomea maswali ya mitihani ya zamani, Kifaransa chake kikitoka kama litania, naye Niragira akidondosha maji ya majivu kwa bomba la sindano, ndiyo bureti yake, kwenye maji ya ndimu yaliyotiwa rangi ya maua mekundu.

— Kikombe hicho wateja wananywea! Utaniulia mtu.

— Ni ndimu tu, kaka Hatibu.

— Mwache, — alisema Maabara. — Samaki mkunje angali mbichi. Asidi vilevile. Ina hasira. Majivu yameshaungua, yaogope nini? Yakikutana, hasira inashuka.

— Basi wakubwa wa kule Burundi wapelekewe ndoo ya majivu, — alidakia Katekista.

— Ndoo? Lori zima, lipitie mpakani Kabanga! Wanywe kabla ya mkutano wa amani.

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapa, Katekista?

Niragira alicheka, mkono ukateleza. Kikombe kikawa kijani.

— Nimezidisha. Naanza upya.

Bureti ya kweli, ile ya shuleni, ilikuwa ya kioo. Kidole chake bado kilikumbuka ubaridi wa koki yake, na meza yao karibu na dirisha. Alidondosha polepole, akabana pumzi. Zambarau hafifu. Akaacha hapo hapo. Kijiwe kikapiga makofi kama kimefaulu chenyewe.

Zulfa, mke mpya wa Hatibu, aliyeshuka juzi kutoka Ujiji, alikuwa ameleta kashata.

— Shikamooni wazee. Hongera, mdogo wangu. Mtihani unafanyia wapi?

— Shuleni kwetu, Muyinga.

— Kumbe imefunguliwa tena?

Maabara alitafuna kashata. Katekista akakung'uta kofia isiyo na vumbi. Hatibu akainamia makaa.

Niragira alisuuza kikombe, akakipangusa kwa upindo wa kitenge mpaka kikang'aa.

— Mzee Anastazi, — alisema, — soma linalofuata.