Madaftari Sita ya Tryphosa Nyanchera

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, Baba mdogo Onchiri. Kamati ya mazishi ilituletea wasifu wa mistari minne: alizaliwa, akasoma kompyuta, akaugua, akafa. Mama aliukataa. Huu hapa ndio wake. Ulipigwa chapa jana jioni Suneka, kwa hivyo hata kamati inausikia sasa kwa mara ya kwanza pamoja nanyi.

Marehemu Tryphosa Nyanchera Nyakundi alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1994 hapa Manga, kifungua mimba wa marehemu Mzee Josiah Nyakundi na Mama Orpah. Dadake wa pekee, Drusilla, alimfuata baada ya miaka mitano, na ndiye anayewasomea.

Alianza shule ya msingi hapa Manga mwaka wa 2001. Mwaka wa 2005, Baba mdogo Onchiri alileta wachumaji ishirini kutoka Nyansiongo ili amalize majani chai yake kwa siku moja. Kwenye kituo cha kupimia majani kulikuwa na karani mmoja na mizani moja. Tryphosa alikuwa darasa la tano, amebeba kikapu cha Mama. Akasema, "Baba mdogo, hata ulete watu mia. Mizani ni moja."

"Nyamaza! Msichana mdogo hivi unahesabia watu wazima kazi?"

Majani yakashinda kwenye magunia, yakapata joto, yakageuka mekundu. Karani akayakataa yote. Wamama wakacheka, wakaanza kumwita Baba mdogo "Mizani". Jina hilo lilidumu miaka miwili. Uadui umedumu ishirini.

Alimaliza sekondari mwaka wa 2012, akaenda chuo kikuu Nairobi, akahitimu 2017. Kuanzia 2018 hadi 2024 alifundisha katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisii, na mwaka wa 2021 akaanza shahada ya pili chini ya Dkt. Anyona. Wengi hapa walisema anasomea kutengeneza simu. Hapana. Alisomea jinsi kompyuta nyingi zinavyogawana kazi moja, na jinsi zinavyokubaliana jambo moja bila mkubwa, hata kama baadhi zimeharibika au zinadanganya. Alimweleza dadake wakiwa shambani: ni kama egesangio, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Kila mtu ana jembe lake, hakuna bosi, na bado lazima wote wajue kesho ni shamba la nani. Sasa mmoja akidanganya, akimwambia huyu "ni kwa Orpah" na yule "ni kwa Onchiri", mnafanyaje? Tryphosa alisema kuna hesabu. Kumshinda mwongo mmoja kunahitaji watu wanne. Waongo wawili, watu saba. Kamati ya mazishi ina watu tisa. Kwa hesabu yake ingeweza kubeba waongo wawili. Walizidi.

Kuhusu ndoa: hakuolewa. Inasemwa hapa mbele kwa sababu imesemwa sana huko nyuma ya jikoni. Mwaka wa 2019 aliletewa mwalimu mmoja, mtu wa heshima. Tryphosa akamuuliza kama angemruhusu kuendelea na masomo. Mwalimu akajibu, "Ya nini tena?" Tryphosa akamwongezea chai, akamsindikiza hadi barabarani. Kwa mila, binti asiyeolewa huzikwa pembeni; ndiyo maana kaburi lake limechimbwa kule mwisho wa shamba karibu na ua, si kando ya baba yake. Tutatembea hadi huko. Kuna matope, mshike watoto.

Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kisii, kwa muda wa saa nne kila mara, daftari juu ya tumbo, akiandika kwa mkono uliobaki huru. Huko pia alianza kuhesabu mashine na foleni mpaka manesi wakacheka, kisha wakamwomba awapangie ratiba. Hapa nyumbani ilisemwa ni miale ya kompyuta inayomla. Baba mdogo alimtembelea mara moja. Alisimama mlangoni na kofia kichwani, akasema, "Tulikuambia," akaenda.

Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mtoto wa dadake, Ashley, akiwa amelala miguuni pake. Alikuwa amesema, "Drusilla, daftari la sita limefika mwisho. Mpelekee Dkt. Anyona."

Jumapili, mbele ya kamati, Baba mdogo aliagiza: "Hayo madaftari yaingie naye kaburini. Yamemuua. Hapa hakuna wa kuyasoma." Mama akalia.

Baba mdogo, mimi nimekutii. Madaftari yote sita yako ndani ya jeneza, chini ya miguu yake. Lakini kabla ya hapo nilikaa siku mbili kwenye duka la kutoa kopi pale Suneka, mtoto mgongoni, nikifungua ukurasa baada ya ukurasa. Sielewi alama hata moja. Nilihakikisha tu hakuna uliorukwa. Tryphosa alinifundisha kwamba kitu kikikaa pahali pamoja, adui anahitaji kubisha mlango mmoja tu. Kwa hivyo nakala ziko katika nyumba nne, na wenye nyumba hawajuani. Nne, kwa sababu mmoja anaweza kuwa mtu wako. Anaweza kuwa huyo uliyeketi naye. Muulize. Zitabaki tatu, na Dkt. Anyona ananingoja Jumatatu.

Tryphosa amemwacha Mama Orpah, dadake Drusilla, mpwa wake Ashley, wanafunzi aliowafundisha kwa miaka sita, na kurasa mia tano sabini na mbili.

Mungu ampe pumziko ambalo hapa nyumbani alinyimwa.