Viola ya Baba na Mtoto Mgongoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi tunaoambiwa tukae nyuma.

Jumapili ile niliiacha viola yangu kwenye benchi, nikamnyonyesha binti yangu Neema. Kugeuka, mwalimu wetu wa kwaya hapa Kabuku ameshaichukua akampa mdogo wake wa kiume! Mbele ya watu wote! "Mama Neema, wewe lea. Ala za muziki tuachie wanaume." Uvumilivu ukaniishia hapo hapo. Nikamtia Neema mikononi mwake. "Haya, shikamoo mwalimu, lea wewe!" Nikainyakua viola yangu.

Ndugu zangu, mjue nilikotoka. Marehemu baba alikuwa mkata mkonge Korogwe, na misheni ilimfundisha fidla. Akatufundisha wote: kaka mkubwa fidla, kaka wa pili sello, ile kubwa inayopigwa kwa kuketi, mimi viola, ile iliyo kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake nzito zaidi. Viola haichukui wimbo wenyewe. Inakaa katikati, inaushikilia. Uhuru ulipokuja tulipiga kanisani, mimi na gauni langu la shule, watu wakalia. Nilipokuwa sekondari niliitwa kupiga hadi Tanga. Nikadhani maisha yangu yote ndiyo hayo.

Baba akafa. Kaka mmoja akahamia kijiji cha ujamaa Mazingara, mwingine akapanda kuishi milimani Vugiri. Mimi nikaolewa huku. Nikabaki na sauti ya katikati, wimbo hakuna! Nikitoka shamba la kijiji napiga peke yangu, majirani wanacheka: "Mama Neema, huo wimbo utaanza lini?" Nacheka nao, kisha naingia ndani nalia. Niliomba, nikaona kimya. Nilifikia kutaka kuitia viola jikoni iwe kuni! Kwaya ndiyo ilikuwa tumaini langu la mwisho, na huyo mwalimu akanifanyia hivyo.

Basi nilisimama, nikapiga sehemu yangu ya wimbo tuliomzikia baba. Watu wakatazamana. Mwalimu, Neema anamlilia kifuani, akasema, "Mnaona? Haueleweki!"

Ndipo bibi mmoja wa benchi la nyuma, aliyewahi kuishi kambi ya mkonge pamoja nasi, akasimama akaimba. Aliutambua kwa sauti ya katikati tu! Wengine wakafuata. Haleluya! Miaka minne sikuwa nimeusikia ukiwa mzima, kumbe Mungu alishamweka mtu nyuma yangu. Ewe unayepiga peke yako, mtumaini huyo Mungu.

Lakini kushukuru hakunizuii kushtaki. Jumatatu nilipeleka barua hii kwa Baraza la Wazee wa Kanisa:

"Mimi, Mama Neema, namlalamikia mwalimu wa kwaya kwa kuninyang'anya viola ya marehemu baba yangu na kuniondoa kwenye kwaya kwa sababu nina mtoto. Naomba aonywe mbele ya washarika, pale pale aliponiaibishia. Naomba nafasi yangu. Nitakuja na mtoto mgongoni. Na bibi wa benchi la nyuma aletwe mbele, akae karibu nami."