Benchi Namba Mbili

Kijiwe chetu kipo Mikindani, kwenye kona ya duka la Salma, hatua mia moja hivi kutoka uwanja wa mpira. Kina benchi moja refu la mninga, linakaa watu sita wenye adabu au wanne wenye hoja. Ubavuni lina namba mbili ya rangi nyeupe, na miguu yake imechimbiwa chini kwa saruji, kwa sababu Fikirini alisema dunia imejaa wezi. Fikirini ni fundi baiskeli, nasi tunamwita VAR, maana hakuna jambo asilolirudia mara tatu ili aone nani kaonewa. Mzee Shafii, ambaye bado anasema "nchezo" kama watu wa zamani, ni Winga. Anadai alicheza winga ya kushoto enzi hizo, na mashahidi wake wote wameshatangulia mbele ya haki. Anold, muuza korosho kutoka Mpapura, ni Fomesheni. Mimi ni Refa Msaidizi, kwa kuwa kazi yangu ni kunyanyua mkono, mara nyingi kuomba kikombe kingine. Anayemimina kahawa ni Riziki, mtu asiyeongea. Ijumaa hiyo baada ya alasiri tulikuwa kwenye msiba: timu yetu ya kata ilikuwa imefungwa manne bila na Mpapura.

VAR: Tumeonewa. Goli la kwanza nimelirudia kichwani mara tatu. Ni ofsaidi.

Fomesheni: La pili?

VAR: Ofsaidi.

Fomesheni: La tatu lilikuwa penalti, bwana.

VAR: Mpigaji alikuwa ofsaidi kimawazo.

Mzee Shafii: Haba na haba hujaza kibaba. Refa angelikataa lile la kwanza, haya mengine yangepata wapi nguvu?

Mimi: Kipa wetu nusu saa nzima alikuwa anaongea na simu.

Mzee Shafii: Usimlaumu ntoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, kawafungulia mlango.

Fomesheni: Semeni ukweli. Sisi Mpapura tunalima. Kijana anaamka anapalilia mikorosho, anachimba muhogo, jioni anapiga shuti. Nyie hapa mnakula samaki. Samaki ana miguu? Mbio mtazipata wapi?

VAR: Refa alikula korosho zenu. Nilimwona na mfuko.

Fomesheni: Alinunua kwangu, na nyongeza sikumpa.

Mzee Shafii: Nyote hamjui. Tatizo ni bahari. Maji yakipwa, uwanja unainama. Kipindi cha pili sisi tulikuwa tunapandisha. Enzi zangu hatukuanza nchezo mpaka tuulize maji yakoje.

Fomesheni: Na kipindi cha kwanza, mlipofungwa matatu mkiteremka?

Mzee Shafii: Mteremko nao una kasi yake. Mpira ulitukimbia.

VAR: Mimi nasema ni gesi.

Tukamgeukia wote. Hata Riziki aliacha kumimina.

VAR: Gesi ya Msimbati. Inatolewa ardhini kila siku, si ndiyo? Basi huko chini kunabaki uwazi. Mpira ukitua unadunda kama umetua juu ya ngoma. Ndiyo maana mabeki wetu walikuwa wanaruka bure.

Mimi: Na mabeki wa Mpapura?

VAR: Wale hawakuruka. Walikuwa hawana kazi.

Fomesheni: Basi tumaini lenu ni wale wasichana wa timu ya kata. Kesho si wanacheza na Msimbati?

VAR: Hapo umegusa kidonda. Wale wana mpira kuliko kaka zao, na nani anawajali? Jezi viraka, mpira wa kuazima. Wanaume wakifungwa manne wananunuliwa soda. Nchi hii, nawaambieni, watu wamekalia haki za wenzao na wala hawajishtukii.

Akalipiga benchi kofi kutia mkazo.

Mzee Shafii: Haki ya mtu haipotei, hata uichimbie chini.

Riziki aliviweka vikombe kwa kishindo kidogo. Binti yake, Saumu, yumo kwenye timu hiyo, mchezaji wa akiba. Hapo ndipo alipotokea Subira, mwalimu wa shule ya msingi na kocha wa wasichana, daftari kwapani na miguu imejaa vumbi la uwanjani.

Subira: Asalaam aleikum. Shikamooni.

Tukaitikia yote mawili kwa pamoja.

VAR: Mwalimu, sasa hivi tulikuwa tunawatetea. Kaa kwanza unywe kahawa.

Subira: Ahsante, kaka Fikirini, sikai. Kamati ya mashindano imekuja kukagua uwanja. Wanataka mabenchi mawili ya wachezaji wa akiba, letu na la wageni. Yasipokuwepo kesho saa nne asubuhi, mechi inahamia Msimbati. Na gari la kutufikisha huko hatuna, kwa hiyo wenzetu watapewa ushindi wa mezani.

VAR: Uonevu mtupu.

Mzee Shafii: Kamati ndizo zinazoua nchezo.

Fomesheni: Waandikieni barua.

VAR: Nitaiandika mimi. Na maneno hayatakuwa mazuri.

Subira: Pale uwanjani tumekuta benchi lenye namba moja. Sasa namba mbili liko wapi?

Mzee Shafii aliitandaza kanzu yake vizuri, ikafunika ubavu wa benchi. VAR akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli ambao hauna kosa lolote. Mimi nilijua. Mwaka jana, siku ya harusi ya jirani, tulilibeba wanaume wanne, nami nilishika mguu wa nyuma, tukasema kesho yake tutalirudisha. Nikainamia kikombe changu.

Fomesheni: Mimi ni mtu wa Mpapura.

Mzee Shafii: Mwalimu, kawia ufike.

Subira: Saa nne, mzee wangu.

Hakupandisha sauti. Alisimama tu akiliangalia pindo la kanzu ya mzee.

VAR: Lakini kaa, mwalimu, tulijadili.

Subira: Nimezoea kusimama. Na wanangu wa akiba wamezoea kukaa mchangani.

Riziki akalifunika birika.

Riziki: Kahawa imeisha.

VAR: Mbona linatoa moshi?

Riziki: Imeisha.

VAR akaenda kuchukua sururu. Saruji ile ilikorogwa ikakorogeka, na mpaka adhana ya magharibi alikuwa anamlaani fundi aliyeimimina, ambaye ni yeye mwenyewe. Njiani kulirudisha uwanjani tulibishana nani kapewa upande mzito, kila mmoja akidai kaonewa.

Kesho yake benchi lilikuwa kando ya mstari, mabonge ya saruji yangali miguuni, na sisi tumesimama nyuma yake juani. Wakati wa mapumziko magoti ya Mzee Shafii yalishindwa. Akamsogelea Saumu.

Mzee Shafii: Mwanangu, sogea kidogo babu yako apumzike.

Saumu: Samahani, babu. Hapa wanakaa wachezaji.

Mzee Shafii: Na mimi nilikuwa winga.

Akageuka kututazama, akitafuta shahidi. Hakuna aliyenyanyua mkono, hata mimi.