Mama Vioo na Kipande Kisicho na Jina

Wasikilizaji wapendwa, ukiumwa mahali pa siri, na daktari aliyepo ni mkweo, utamwambia?

Leo tunamkumbuka Mama Vioo, fundi wa maabara. Miaka ishirini na sita alikata vipande vya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Alivibandika kwenye vioo, akavitia dawa ya rangi. Protini ya ulinzi, ile inayozuia seli kukua ovyo, ikiwepo, seli huwa za kahawia. Ikitoweka, huenda seli zimeanza kuasi. Saratani inapiga hodi. Vioo vilikwenda chumba cha pili kwa daktari wa kuvisoma, naye alikuwa mkwewe, mume wa binti yake.

Wakwe hao waliheshimiana haswa. Hata chai walikunywa kwa zamu. Wenzao waliwatania kwamba darubini yenyewe inawaonea haya.

Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, Mama Vioo alimhimiza awahi kupimwa. Damu ilipomjia yeye, akanyamaza. Miezi minane, wasikilizaji. Miezi minane! Mganga hajigangi. Dada yake anasema alimsihi mpaka ulimi ukamkauka, akajibiwa, "Mkwe wangu anichungulie mji wa mimba? Bora nife na nguo zangu."

Mwishowe alikubali kutolewa kipande kliniki, kwa sharti kiandikwe namba tu. Akakitia dawa mwenyewe. Kahawia haikutokea. Akarudia, akidhani dawa imeharibika. Lakini kipande cha mtu asiye mgonjwa, kilichowekwa kando ili kuipima dawa, kiligeuka kahawia vizuri kabisa. Akampelekea mkwe kioo, bila kutaja ni cha nani.

Mkwe alisoma, akatoka mbio kuuliza mgonjwa huyu yuko wapi, aitwe leo hii.

Mama Vioo alitazama sakafu. "Ndiye mimi, baba."

Alipasuliwa, lakini saratani ilikwisha kutangulia. Tumemzika Jumanne iliyopita.

Tunampa pole binti yake, dada yake na wenzake wa maabara. Nasi tujiulize, nani nyumbani kwetu anaumwa, na tumegeuza macho tukiita adabu?

Mkwe tulimkuta kwenye benchi la maabara, peke yake. Alikiri kwamba mwezi wa pili tu wa ile minane aliona damu kwenye kiti alichoinuka mama mkwe. Alikifuta, akajifanya hajui. Tukamuuliza siku ile ya kiti alitaka kusema nini. Alijipangusa uso.

"Nilitaka kusema, 'Mama, nimeona. Twende nikupeleke.'"